Spika ya gitaa la stili imeungua: isukwe au inunuliwe nyingine?

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga gitaa la stili (lile la kulazwa, lenye pedali) kwenye kwaya yetu huku Mbagala. Amplifaya tunayotumia ni Peavey Nashville 400 ya miaka ya 1980, tuliachiwa na mmisionari aliyerudi kwao Marekani. Spika yake ni Black Widow ya inchi 15. Ilianza kukwaruza kwenye nyuzi nene, na Jumapili iliyopita ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza kabisa. Fundi mmoja anasema ataisuka upya koili, ule waya uliozungushwa unaosukuma koni ya karatasi. Muuzaji wa Kariakoo ananiambia niachane nayo, ana spika ya inchi 15 ya wati 1000. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Kabla hujamsikiliza yeyote kati yao, jiulize nani aliyeiua hiyo spika. Ukifunga spika mpya kwenye amplifaya mbovu, utaichoma nayo, na itaungua kwa sekunde chache.

Nashville 400 ni amplifaya ya transista, kwa hiyo unaweza kuiwasha bila spika ukaipima. (Ya valvu, zile taa za kioo, usithubutu kuiwasha hivyo, utaua transfoma yake ya kutolea sauti.) Zima, chomoa kwenye umeme, ondoa nyaya mbili za spika na uhakikishe ncha zake hazigusani wala hazigusi chuma. Weka mita kwenye volti za DC, punguza sauti zote hadi sifuri, washa, kisha pima kwenye ncha hizo. Usomaji wa chini ya volti 0.1 ni wa kawaida. Ukiona volti nyingi, tuseme 30 au 40, transista za mwisho zimepiga shoti. Umeme huo ukiingia kwenye koili ya omu 3 na kidogo (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ni joto la wati mia kadhaa bila kupumzika, na koni inakuwa imesukumwa upande mmoja tu. Hapo kazi ya kwanza ni ya fundi wa amplifaya. Spika isubiri.

Amplifaya ikiwa safi, rudi kwenye spika. Ipime omu ikiwa imetolewa nyaya. Ya Nashville 400 ni ya omu 4, na spika ya omu 4 ikiwa nzima mita husoma kama 3 na ushee, kwa sababu mita hupima waya tu. Kwanza gusanisha pini za mita uone nyaya zake zenyewe zinasoma ngapi, utoe kiasi hicho. Mita isiposoma kitu, usikimbilie kusema koili imekufa. Angalia zile nyaya laini za kusukwa zinazotoka kwenye vishikizo kwenda kwenye koni. Hukatika pale zinapoingia kwenye karatasi, kwa kuwa hapo ndipo zinapopindwa kila noti, na nimeona spika nyingi zikitupwa kwa kosa la waya huo mmoja. Unaunganishwa kwa risasi kidogo ya kulehemu na waya mwingine wa kusukwa, si waya wa kawaida wa umeme, maana huo mgumu utakatika tena baada ya wiki. Lakini wewe umesikia harufu. Harufu hutoka kwenye gundi na vanishi ya koili, kwa hiyo nina wasiwasi kwamba yako imeungua kweli.

Kwa nini iungue wakati gitaa la kawaida halichomi spika kirahisi hivyo? Mpigaji wa stili ana pedali ya sauti mguuni. Noti inapoanza kufifia, anaisukuma polepole ili iendelee kulia kwa nguvu ileile. Gitaa la kawaida hupiga kilele likashuka, koili ikapata nafasi ya kupoa, ila la stili huimba mfululizo. Kisha kuna shingo ya C6 (seti ya nyuzi zilizotuniwa kwa kodi hiyo), ambayo uzi wake mnene kabisa uko kwenye Hezi 65 hivi, na huko koni husafiri mbali. Joto na safari ndefu vikikutana, koili inavimba au kukaa upande, inaanza kugusa chuma. Huo ndio mkwaruzo uliousikia. Ulikuwa wakati wa kusimama, ila najua ibada haisimamishwi kwa ajili ya spika.

Sasa huyo wa kusuka koili. Mafundi wetu wanasuka spika za disko na za magari kila siku, nami sidharau kazi yao. Ila koili ya Black Widow ina upana wa inchi 4, na nafasi inamopita ni nyembamba. Waya ukizidi unene kidogo utakwaruza, na ukizidi uzito sauti za juu zinazimika, wakati stili bila sauti za juu ni kama pilau bila bizari. Muulize kama ana koili ya kiwandani ya inchi 4, na kama atatumia gundi ya epoksi. Akijibu kwamba atasuka kwa mkono juu ya karatasi ya kawaida, mshukuru uondoke.

Bahati yako ni kwamba Peavey walibuni Black Widow ili ibadilishwe na mtumiaji mwenyewe. Sumaku imefungwa kwa boliti nyuma, na fremu nzima yenye koni na koili mpya huuzwa peke yake. Sumaku ndiyo nzito, na unayo tayari, kwa hiyo ukipata ndugu au mshirika anayekuja kutoka Marekani, atabeba fremu tu. Mtumie namba iliyoandikwa nyuma ya spika yako, na fremu lazima iwe ya omu 4. Ikifika, fungua boliti, safisha nafasi ya sumaku kwa tepu ya karatasi iliyokunjwa gundi nje, maana chumvi ya hewa yetu ya pwani huleta kutu humo. Kisha kaza boliti kidogo kidogo kwa kupishana, huku ukisukuma koni kwa vidole vya mikono yote miwili usikie kama inagusa. Tafadhali usijaribu kufungua sumaku ya spika nyingine za zamani, hasa JBL D130 na nyingine za aliniko (sumaku ya mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti). Ile sumaku ikitenganishwa hupoteza nguvu, na huirejeshi bila mashine.

Ukikosa fremu, Eminence hutengeneza spika ya inchi 15 mahususi kwa stili, EPS-15C. Hiyo ndiyo ningeinunua.

Wati 1000 za Kariakoo? Wati zilizoandikwa kwenye spika ni kiasi inachoweza kuvumilia. Hazisemi italia kwa nguvu gani. Spika ya gitaa ya inchi 15 hutoa desibeli 100 hivi kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake. Spika nzito ya besi ikitoa 94, utahitaji wati mara 4 ili uisikie sawasawa, nayo Nashville 400 ina wati 210 tu kwa omu 4. Tena nyingi za namna hiyo ni za omu 8, ambako nguvu ya amplifaya itapungua zaidi. Utaishia na sauti nzito inayonong'ona. Ifae disko.

Na transfoma yenu ya kushusha umeme hadi volti 120 iwe ya wati 500 au zaidi. Ndogo hulegea kwaya inapopandisha, sauti ikaanza kukatika vilele.

Kwa Jumapili hii usiazime spika yoyote. Acha nyaya za spika zimetolewa na kufungwa tepu kila moja peke yake, toa waya kwenye tundu la preamp out (linalotoa sauti kabla haijakuzwa kwa ajili ya spika), ingiza kwenye mikisa ya kanisa upande wa laini, si wa maikrofoni. Punguza sauti za juu kwenye mikisa, maana bila koni ya inchi 15 kuzipoza zitachoma masikio ya wazee wa mbele.