Gadi ya pikipiki (chuma cha kuikinga ikianguka): bolti au kuchomelea?
Bolti. Ukichomelea kwenye chesisi (fremu ya pikipiki), moto hudhoofisha chuma pale kinapobeba injini, na siku ya kuanguka inapinda chesisi, si gadi. Weka kigogo chini ya injini, toa bolti zinazoshika injini moja moja, tia iliyo ndefu zaidi kwa unene wa bamba la gadi, gredi 8.8 (kipimo cha nguvu ya bolti), meno mawili yatokeze nje ya nati. Zote zishike kwa vidole kwanza ndipo ukaze, la sivyo matundu ya upande wa pili hayakutani. Kisha zungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, uone hakuna kinachogusa gadi. Malindi hii paka grisi, chumvi ya bahari huzigandisha bolti hazifunguki tena. Baada ya kilomita 100 hivi, kaza upya.