Kwa nini ESPN ilianza na softiboli

Umeuliza kwa nini ESPN, chaneli ya michezo ya Marekani, ilipoanza tarehe 7 Septemba 1979, ilijaza ratiba kwa softiboli (mchezo unaofanana na besiboli) na futiboli ya Australia. Chanzo ni satelaiti, ndugu. Bill Rasmussen, mwanzilishi wake, alikuta kukodi chaneli ya satelaiti ya Satcom 1 saa 24 ni nafuu kuliko saa chache kila jioni. Muda akapata tele. Haki za kuonyesha ligi kubwa zilikuwa kwa wengine, kwa hiyo akaujaza kwa michezo midogo. Picha ilipanda hadi satelaiti kutoka Bristol, Connecticut, ikashukia dishi la kampuni ya kebo, ndipo ikafuata waya hadi majumbani. Kila kikuza mawimbi njiani kiliongeza chenga kwenye picha, kwa hiyo nyumba za mwisho wa laini ziliumia zaidi. Na siku chache karibu na Machi na Oktoba, jua likipita nyuma ya satelaiti, picha ilipotea dakika kadhaa. Hapo fundi husubiri tu, asiguse dishi.