Kabla ya viza, uliza utalala saa ngapi

Kuna nesi wa Kakamega ameniandikia. Amepata kazi kwenye nyumba ya wazee Uingereza, anataka kujua mtihani wa OSCE, ule wa vitendo kwa manesi wanaotoka nje, ukoje na viza huchukua muda gani. Hayo utayapata popote, mdogo wangu. Mimi huku Uingereza wiki iliyopita nimepandishwa cheo kuwa msimamizi wa zamu za usiku, na vyeti ninavyo vilevile nilivyokuja navyo; kilichobadilika ni usingizi.

Meneja wangu wa kwanza alinisema mbele ya wenzangu kwamba mimi ni mzito wa kazi. Iliniuma, na mpaka leo nikikumbuka damu inachemka, kwa sababu hakuwahi kuuliza ninalala vipi. Unatoka kazini saa mbili asubuhi, unaingia kitandani saa nne. Nyumbani Kenya ni saa sita mchana na kila mtu yuko macho: karo, mchango wa mazishi, shangazi anataka tu kukujulia hali. Ili utume hizo pesa unachukua zamu za ziada, na usingizi unazidi kupungua.

Sasa ingia zamu hivyo. Usiku hakuna daktari wa kumkimbilia pale koridoni. Ni macho na mikono yako hadi kuche. Mzee asiyeweza kujigeuza unamgeuza, unamkagua visigino na makalio, unabonyeza kwa kidole palipoiva wekundu. Usipofifia, kidonda kimeshaanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo unapapasa kutafuta joto au ugumu. Nesi aliyechoka hujaza fomu akapita. Na mwenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, dawa yake ya levodopa ikichelewa hata nusu saa, anaweza kukakamaa ashindwe kushika kijiko.

Mgongo nao utunze, tumia mashine ya kunyanyulia hata kama mzee ni mwepesi. Lafudhi zao utazizoea. Kufiwa na mzee uliyemwosha mwaka mzima, hilo sina dawa yake, ila lisemee kwa mwenzako wa zamu, usiende nalo nyumbani.

Lakini kwanza lala. Narudia, lala! Zima simu, funga mapazia mazito, kataa zamu ya ziada inayofuata usiku tatu mfululizo. Wengi wetu tunaona aibu kumwambia mama asipige mchana. Tuma ratiba yako ya zamu kwenye grupu la familia kabla hujatuma hata shilingi ya kwanza.