Kabla Hamjaanza Kuchangia: Ushauri kwa Kundi Linalokwenda Kulala Hemani Serengeti

Watu wanapoomba ushauri kuhusu safari ya mahema katika hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, maswali yao huwa ni ya wanyama: nyumbu wako wapi mwezi huu, simba wanaonekana upande upi, faru bado wapo? Maswali hayo yana majibu, na dereva yeyote mzoefu wa Arusha atawajibu bila malipo. Asichoweza kuwasaidia ni kundi lenyewe. Kwa uzoefu wangu wa kusafiri na marafiki, ndugu na wafanyakazi wenzangu katika njia ya Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, safari ya namna hii hunoga au huharibika kutokana na yale ambayo kundi limekubaliana kabla ya gari kuondoka mjini.

Anzeni na fedha. Gharama za safari hii ni za aina mbili, na mweka hazina wenu azitenganishe tangu siku ya kwanza. Zipo zinazohesabiwa kwa kila kichwa, kama kiingilio, ada ya kambi na chakula. Na zipo ambazo hazipungui hata mkiwa wawili, yaani kukodi gari, mafuta, malipo ya dereva na ya mpishi, pamoja na ada ya gari kushuka katika kreta ya Ngorongoro, lile bonde kubwa la volkano. Mtu akijitoa dakika za mwisho, fungu lake la gharama za aina ya pili linawaangukia waliobaki. Nimeshuhudia kundi likipoteza theluthi ya watu wake siku chache kabla ya kuondoka, na ugomvi uliozuka kwenye WhatsApp ulidumu kuliko safari yenyewe. Kwa hiyo nashikilia kanuni moja ambayo wengine huiona kali: anayethibitisha hulipa kwanza fungu lake la gari, na fedha hiyo hairudishwi isipokuwa amepatikana mtu wa kuziba nafasi yake. Anayekataa kulipa mapema amekwisha kuwaambia kwamba hana uhakika, na ni heri mlijue hilo mapema.

Kwenye viingilio kuna jambo ambalo makundi mengi hulijua yakiwa tayari langoni. Tarangire, Ziwa Manyara na Serengeti zinasimamiwa na TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, lakini Ngorongoro ina mamlaka yake yenyewe, na barabara ya kawaida kutoka Karatu kwenda Serengeti inapita ndani ya eneo la Ngorongoro. Maana yake ni kwamba mnalipia Ngorongoro hata kama siku hiyo mnapita tu, na mkirudi kwa njia hiyohiyo mnalipa tena. Ndiyo sababu ninashauri mpite kwanza bila kusimama sana, mmalize Serengeti, kisha wakati wa kurudi mlale ukingoni mwa kreta na kushuka asubuhi inayofuata, ili kibali cha kuingia Ngorongoro mnacholipia mkirudi kitumike pia kwa siku ya kreta. Vibali huhesabiwa kwa saa ishirini na nne. Kundi linaloingia Serengeti kupitia lango la Naabi saa sita mchana linapaswa kuwa limerudi langoni saa sita mchana ya siku ya kutoka, vinginevyo linalipia siku nyingine. Saa hizo zipangeni mkiwa nyumbani, na mjue kwamba kutoka Seronera, katikati ya hifadhi, hadi Naabi ni barabara ya changarawe yenye mawimbi, na simba aliyelala kando ya njia hataangalia saa yenu.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na viwango vyao ni vya chini sana kuliko vya wageni wa kutoka nje, ila kila mmoja lazima awe na kitambulisho au pasipoti mkononi. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Kama kuna wenzenu wanaotoka Nairobi kupitia Namanga, wakumbusheni pia kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, ingawa wao wameizoea marufuku ya namna hiyo kwao tangu 2017.

Kuhusu gari, msishawishike na Toyota Noah kwa sababu ya bei. Kreta hairuhusu gari lisilo na uwezo wa kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, na hata kwingineko mtu aliyekaa chini akichungulia dirishani haoni nusu ya anachoona aliyesimama chini ya paa lililofunguliwa. Landcruiser iliyorefushwa ina nafasi za kuwatosha watu sita kwa raha, lakini viti havilingani. Wa mbele haathiriki sana na mitikisiko ila hawezi kusimama kama wenzake. Wa nyuma kabisa hurushwa na hula vumbi. Badilishaneni viti kila asubuhi kwa zamu iliyoandikwa, wala msiseme tutaelewana tu, maana anayewahi kiti kizuri siku ya kwanza hujiona ana hati miliki. Mizigo iwe katika mabegi laini, kwa sababu masanduku magumu hayakunjiki na mahema, godoro na vyombo vya mpishi vinahitaji nafasi hiyohiyo.

Jambo linalofuata ni muda wa kusimama, nalo huwagawa watu kuliko fedha. Yupo atakayetaka kukaa saa nzima akimtazama chui aliyelala juu ya mti, yupo mpenda ndege, na yupo ambaye baada ya pundamilia wa kumi anauliza chakula ni saa ngapi. Mimi hupendekeza kila siku iwe na msemaji mmoja, ambaye neno lake kwa dereva ndilo la mwisho siku hiyo, na kesho zamu inahamia kwa mwingine. Dereva anayepokea amri sita kwa wakati mmoja huishia kufuata ya mwenye sauti kubwa. Suala la kuchimba dawa nalo lizungumzwe bila aibu: hifadhini hamshuki garini popote mnapotaka, bali kwenye malango na sehemu za mapumziko, kwa hiyo mwenye haja aseme mapema.

Sasa kambi. Ziko za umma, kama Nyani, Pimbi au Dik Dik pale Seronera, ambazo mnachangia na makundi mengine vyoo, maji, sehemu ya kulia na jiko lililozungushiwa wavu. Na ziko kambi maalumu, ambazo hukodiwa mapema kwa kundi moja na hazina huduma yoyote, hata maji mnabeba. Kwa kundi la mara ya kwanza chagueni ya umma, hata kama kelele za majirani zitawakera kidogo. Kambi hizi hazina uzio. Fikeni kabla giza halijaingia, simamisheni mahema karibukaribu, milango ikitazamana, na msiweke hema kwenye njia iliyokanyagwa na wanyama, ambayo mtaitambua kwa kinyesi na nyasi zilizolala.

Chakula hakiingii hemani, na ninaposema chakula ninajumuisha karanga, biskuti, ndizi nyekundu mlizonunua Mto wa Mbu, pamoja na sabuni na dawa ya meno zenye harufu tamu. Kila kitu cha namna hiyo kilale jikoni au garini. Viatu ndivyo viingie hemani, kwa kuwa fisi hubeba kiatu cha ngozi bila kuuliza ni cha nani. Mchana adui ni nyani na tumbili, ambao hufungua zipu kwa ustadi unaochekesha mpaka pale begi linapokuwa lako. Usiku, ukilazimika kutoka, fungua kidogo, zungusha kurunzi polepole na utafute macho yanayong'aa kabla hujaweka mguu nje. Kisha mwamshe mwenzako mwende wawili, na msiende mbali. Kilicho salama zaidi ni kupunguza chai baada ya chakula cha jioni. Mngurumo wa simba husikika kilomita nyingi, kwa hiyo msidhani yupo mlangoni kila mnapousikia, lakini msitoke kwenda kuhakikisha.

Kambi ya Simba, iliyoko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, inahitaji maandalizi yake. Ukingo uko mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, na watu wa Dar es Salaam na Tanga huwa hawaamini baridi yake mpaka saa tisa usiku. Blanketi zito, soksi, kofia na koti si anasa pale. Tembo nao huja kambini kunywa maji kwenye tangi. Waacheni wanywe, msiwamulike, na msiwasogelee kwa ajili ya picha.

Kuhusu majira nitasema machache. Juni hadi Oktoba, ukame unapokaza, tembo hukusanyika kandokando ya mto Tarangire. Januari hadi Machi nyumbu huzalia kwenye nyanda za Ndutu, upande wa kusini, na Februari ndiyo kilele. Julai hadi Oktoba wengi wao huwa kaskazini, ambako huvuka mto Mara, na huko ni mbali na Seronera, hivyo ongezeni siku au msiahidiane kuvuka kwa nyumbu. Masika waachieni wenye kulala hotelini: udongo mweusi ukilowa hunasa gari, na hema lililolowa halikauki. Mbung'o wa Tarangire huvutiwa na rangi ya buluu iliyoiva na nyeusi, basi vaeni kaki. Dawa zenu za kila siku na za huduma ya kwanza zibebwe na mtu mmoja anayejulikana.

Dereva na mpishi muwachukue kama sehemu ya kundi. Msimshinikize dereva aache barabara ili mumkaribie duma. Ndani ya Serengeti hilo ni kosa, na atakayetozwa faini na kuhatarisha kibarua chake ni yeye. Mpishi huamka kabla yenu na kulala baada yenu, kwa hiyo anayetaka chai saa kumi na moja alfajiri aseme jioni, na asiyekula kitu fulani aseme mkiwa bado Arusha, kabla ya manunuzi. Bakshishi yao ichangwe pamoja na fedha nyingine mwanzoni, iwekwe katika bahasha mbili zenye majina, na kila mmoja apewe yake mkononi. Mkisubiri kuichanga njiani wakati wa kurudi, baada ya Karatu, mtashangaa ni wangapi wamelala usingizi.