Kununua kwa haki hapa Dodoma: anza na kipimo

Mleta mada ameuliza kama mtu wa kipato cha kawaida Dodoma anaweza kufanya manunuzi kwa kumjali mkulima na mazingira, au hayo ni mambo ya wenye hela. Mkuu, inawezekana kabisa. Ila kabla ya kuuliza bei, angalia kipimo.

Nafaka ya nyumbani nanunua Majengo sokoni, na msimu wa mavuno nafuata vijijini upande wa Kongwa. Debe la dalali kule kijijini limetanuliwa ubavuni. La kuuzia mjini utakuta kitako kimebonyezwa ndani. Mkulima kapunjwa, wewe umepunjwa, wa katikati kala kotekote. Lumbesa ni yale yale: gunia linajazwa kupita mdomo mpaka linavishwa kilemba, malipo ni ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wanakataza, gunia lisizidi kilo 100, lakini shambani mwenye shida ya ada ya mtoto atabishana na nani?

Kwa hiyo mimi nanunua kwa kilo tu, na mizani ya kuning'iniza natembea nayo. Kuna mama tulimpimia debe alilozoea kulipwa kama kilo 20, mizani ikasoma 23. Akasoma mwenyewe, akashusha, akapandisha tena, kisha akamwita jirani yake aje aone. Iliniuma sana.

Mafuta ya alizeti nanunua mbegu nikakamulishe mwenyewe. Hapo patana mapema mashudu (makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa) ni ya nani, maana mashine nyingine hujilipa kwa hayo, na ukiwa na kuku wa kuwalisha ni hasara. Zabibu za Hombolo na Mpunguzi zikishaiva hazisubiri mtu. Tafadhali usimkamue mkulima bei kwa sababu unaona jua linamharibia mali.

Mkaa tuupunguze jamani. Kondoa ardhi ililiwa na makorongo mpaka ukaanzishwa mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi. Dodoma yetu ni kame, mti uliokatwa leo haurudi kesho. Mimi maharage naloweka usiku kucha, yanaiva kwa moto kidogo.

Kuhusu gharama: kwa mkulima utaongeza kidogo, lakini kilo unazopata ni kilo kweli. Mizani ukishainunua, ijaribu kwanza kwa mfuko wa unga wa kilo 25 uliofungwa kiwandani.