Ami, kweli huko watu wazima wanacheza na treni?

Khamis mwanangu, salaam aleikum. Ile picha aliyoituma binti yangu kwenye kundi la ukoo, nimeinamia meza nimeshika kichwa cha treni kinachoenea kwenye kiganja, naona imewashughulisha. Wewe umeuliza kama ni kweli watu wazima wa huku wanacheza na magari ya moshi ya kitoto. Bi Asha kauliza pesa za mchezo huo zinatoka wapi. Dada kaniandikia pembeni, peke yangu, kutaka kujua kama nina dhiki ninayowaficha. Yote ni maswali ya haki. Naanza na la dada, ndilo zito.

Dhiki ilikuwepo, na si ya chakula. Hapa Stoke-on-Trent, Uingereza, nafanya kazi ya ghala, shifti ya usiku. Nabeba kimashine mkononi kinachoniambia niende rafu ipi, nitoe boksi gani, na kinahesabu nimechukua muda gani. Siku za Disemba Maghribi huingia kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo anayelala mchana anaweza kumaliza wiki nzima hajaliona jua. Jirani ananisalimu kwa adabu kila asubuhi, miaka imepita, na mlango wake sijawahi kuingia. Huku hakuna baraza ya mtu kupita akakaa. Msikiti upo, alhamdulillahi, na watu wake ni wema, lakini baada ya sala kila mmoja anakimbilia shifti yake. Wazanzibari wenzetu wametawanyika kila mji, tunaonana harusini na matangani.

Ila kilichoniuma zaidi ya upweke ni mikono. Mnakumbuka pale Darajani, Unguja, watu walikuwa wakiniletea redio iliyokufa, wanaiacha, jioni wanakuja kuichukua inaimba. Mtu aliyezoea kuulizwa "fundi, itapona?" akiwekwa mahali ambapo haulizwi chochote, anapungua. Mshahara unaingia, pesa nawatumia, na bado anapungua. Hili sikuliandika kwenye barua zangu za zamani kwa sababu mama alikuwa hai.

Klabu niliikuta karibu na nyumbani, chumba kilicho nyuma ya ukumbi wa mtaa, taa zinawaka kila Alhamisi jioni. Niliingia kwa kuona kupitia kioo cha dirisha watu wamelala chini ya meza wameshika waya. Wengi wao ni wastaafu: waliochimba makaa ya mawe, waliofinyanga na kuchoma vyombo kwenye viwanda vilivyoupa mji huu umaarufu, mmoja alikuwa mtu wa ishara za reli. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Mzee mmoja alitoa kichwa chake chini ya meza akaniuliza kama najua kulehemu. Nikamwambia najua. Akanisogezea pasi ya kulehemu na rola ya waya wa kulehemia, basi.

Sasa, Khamis, swali lako. Wanachokitengeneza si treni ya kuzungushwa duara sebuleni. Wanalijenga upya, kwa udogo, bonde moja la mkoa huu huu wa Staffordshire, bonde la mto Manifold, kama lilivyokuwa siku lilipokuwa na reli. Reli hiyo ilifunguliwa 1904, ilikuwa nyembamba, upana wake futi 2 na inchi 6, na urefu wake maili 8 na robo, yaani kama kilomita 13 tu, kutoka Waterhouses mpaka Hulme End. Mhandisi wake, Everard Calthrop, ndiye aliyejenga reli ya Barsi kule India, ndiyo maana mabehewa yake yalikuwa na baraza wazi mbele na nyuma kama ya nchi za joto, yamepakwa rangi ya manjano laini, na vichwa vyake viwili vilifungwa taa kubwa za mbele za Kihindi, katikati ya mvua ya Staffordshire. Kazi yake kubwa ilikuwa kubeba maziwa ya wafugaji, mengine yakaenda mpaka London. Barabara na magari vikaimaliza, ikafungwa 1934. Leo njia yake ni ya watembea kwa miguu na baiskeli.

Meza yetu iko kwenye kipimo cha milimita 4 kwa kila futi, yaani kila kitu ni sehemu moja ya 76 ya ukubwa wake halisi, na reli ina upana wa milimita 9. Kwa kipimo hicho kilomita 13 zinahitaji karibu mita 175. Chumba hatuna. Kwa hiyo wazee walichagua vituo vichache na handaki moja, na katikati wakabana, wakaondoa pasipo na kitu na kuacha pale ambapo mtu wa bonde lile akipaona atasema hapa ni Ecton, kituo kimoja cha reli ile. Uchaguzi huu ndio kazi yenyewe, na nimewaona wakibishana jioni nzima juu ya mti mmoja. Vilima vya kule ni vya mawe ya chokaa, na mashamba yamegawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Bwana mmoja amezijenga zote kwa kijiwe kimoja kimoja, kila jiwe dogo kuliko punje ya mchele. Nyasi ni nyuzi fupi zinazosimamishwa kwa umeme tuli zikiwa juu ya gundi mbichi, ndiyo maana ukiinamisha jicho unaona zimesimama. Wameamua msimu ni Juni, na rangi ya majani ni ya Juni. Mtu akileta mti wa Septemba unarudishwa.

Kuna wagoni moja naipenda kuliko zote. Reli nyembamba haiwezi kupokea wagoni za reli kubwa, na kuhamisha mzigo kwa mikono ni hasara. Calthrop akatengeneza wagoni ya chini kabisa, fremu tupu, ambayo wagoni nzima ya reli kubwa inapandishwa juu yake na kubebwa hivyo hivyo mpaka vituo vya bondeni. Nilipoiona meza ikifanya jambo hilo mara ya kwanza nilitaka marehemu baba angekuwepo, yeye aliyekuwa akihesabu mzigo bandarini Malindi gunia kwa gunia.

Kazi yangu mimi iko chini ya meza. Kila kichwa cha treni kina chipu yenye namba yake, na amri inapita kwenye reli zile zile zinazopeleka umeme, anayeitwa kwa namba yake ndiye anayetii. Ukitaka mfumo huu ufanye kazi, umeme lazima ufike kila pembe bila kupungua. Zamani waliutegemea upite kwenye viungio vya reli, na viungio vinalegea, vinashika kutu, treni inasimama katikati ya handaki mbele ya watu. Niliifumua yote. Nikapitisha waya mnene jozi moja chini ya meza nzima, na kila kipande cha reli nikakiteremshia waya wake mwembamba, rangi moja upande huu, nyingine upande ule, na lebo. Siku tuliyowasha hakuna treni iliyosimama. Wakati wa chai yule mzee wa ishara alikaa karibu nami akanihadithia kazi yake ya miaka yote kwa kituo, na mimi nikamhadithia Darajani. Tangu siku hiyo nikichelewa Alhamisi, simu inalia: uko wapi, tunakusubiri. Dada, hilo ndilo jibu lako. Kuna mahali katika nchi hii ambapo nisipofika, pengo linaonekana.

Nisikufanyeni mdhani ni pepo. Wapo wawili watatu ambao salamu yao mpaka leo haivuki meno. Mwanzo mikate ya maonesho, siku tunapoipeleka meza watu waione, yote ilikuwa na nyama ya nguruwe, siku hizi mke wa mwenyekiti anaweka ya yai na ya jibini kwenye sahani mbali, bila kelele. Wakimaliza wanakwenda kunywa, mimi nakwenda nyumbani, na hapo ndipo mengi ya urafiki wao yanapopikwa, kwa hiyo kuna kiasi ambacho sitakifikia. Kwenye maonesho ya mji mmoja, nimesimama nyuma ya meza na kidhibiti mkononi naendesha treni ya maziwa, mgeni alinipa kikombe kitupu akidhani mimi ni mtumishi wa ukumbi. Mzee aliyekuwa ubavuni mwangu alikipokea yeye kile kikombe, akamwambia yule bwana akiwa na swali lolote la umeme wa meza hii, fundi ndiye huyu. Liliniuma, na maneno ya mzee yaliniponya kiasi, si lote.

Bi Asha, pesa. Kichwa kimoja kipya kinaweza kupita pauni 150, ni kweli, na wapo wenye makabati yaliyojaa. Mimi sina hata kimoja. Vyote mnavyoviona ni vya klabu, mie nalipa ada ndogo ya mwaka na natoa ufundi. Ada ya skuli ya watoto wa marehemu kaka na dawa za mjomba haziguswi. Lakini nasema na hili wazi: hata ningelikuwa natumia pauni chache zangu, nisingeliomba radhi. Mnaotuma maombi kutoka nyumbani mnatuona kama bomba, na bomba nalo linahitaji matengenezo.

Na kwako Khamis, maana najua umeshaanza kuulizia viza. Umeniuliza mshahara mara nyingi, jioni hujaniuliza hata siku moja. Mshahara utaupata. Jioni ndizo zinazowarudisha watu nyumbani wamevunjika, au zinawaacha huku wamevunjika. Njoo na ufundi mkononi, wowote, useremala, ushoni, upishi, maana ufundi unaeleweka kabla Kiingereza chako hakijaeleweka.

Sasa nina haja na wewe. Mwaka huu klabu imeniuliza kama nchi yetu ilipata kuwa na reli. Wakadhani nitasema hapana. Nikawaambia Sultan Barghash alitandika reli kutoka kasri yake ya mjini mpaka Chukwani mwaka 1879, mabehewa yakivutwa na nyumbu wa kufugwa, kisha akaagiza kichwa cha mvuke kwa Bagnall. Hapo chumba kizima kiligeuka, kwa sababu kiwanda cha Bagnall kilikuwa Stafford, mji wa mkoa huu huu. Sultan alipofariki 1888 reli yake ikang'olewa. Nikawaambia na ya pili, ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney, ikaanza 1905, maili 7 kutoka Ngome Kongwe kuelekea kaskazini, mwaka mmoja tu baada ya ile ya bonde lao. Abiria walisimamishwa 1922, ikabaki kubeba mawe ya kujazia bandari. Nayo iliuliwa na motokaa, kama yao. Wao wanaijenga yao kwa milimita, na sisi tunapita juu ya njia yetu ndani ya daladala la 502 hatuna habari. Hilo limenikaa kifuani tangu siku ile.

Wamekubali tujenge kipande kimoja, mita moja na nusu: treni ya Bububu ikitoka Ngome Kongwe na kuingia uchochoroni. Reli yake ilikuwa futi 3, kwa kipimo chetu ni milimita 12, na seremala wa klabu ameshakata ubao. Picha nilizonazo ni postikadi za zamani, hazioneshi rangi. Kwa hiyo nenda Ngomeni asubuhi mapema, jua likiwa chini, upige picha ukuta wa nje kipande kwa kipande, na kila picha uegemeze rula yako ya skuli ukutani ionekane. Pima upana wa uchochoro kwa utepe. Nipigie picha na ya ukuta uliolowa mvua, maana rangi ya chokaa iliyolowa siikumbuki vizuri na siwezi kuibuni mbele ya watu hawa. Halafu panda 502 mpaka Bububu umwone mzee yeyote aliyefika miaka 85. Yeye hakuipanda, lakini amelelewa na walioipanda. Muulize ilisimama wapi, ilibeba nini siku ya soko, na kama kweli cheche zake zilikuwa zikiunguza nguo za watu. Niandikie majibu kwa maneno yake mwenyewe, usiyanyooshe. Nauli nakutumia leo.