Wifi ana pasi ya Uingereza: safari ya Serengeti tuihesabuje?

SWALI: Dada, shikamoo. Likizo ya Juni tunataka kwenda Serengeti na Ngorongoro kwa siku nne: mimi, mume wangu, watoto wetu wa miaka 9 na 4, na wifi yangu aliyechukua uraia wa Uingereza. Kampuni moja imetutajia shilingi milioni 2.4 kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Ni haki? – Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Milioni 12 kwa karatasi yenye mstari mmoja? Rudi kwao uombe mchanganuo kwanza. Nimeandika ankara za safari Arusha kwa miaka mingi, na bei ya "kila kichwa" naijua inaficha nini.

Anza na viingilio, maana hapo ndipo familia yenu inapogawanyika. Serengeti humtoza Mwafrika Mashariki mtu mzima shilingi 10,000 kwa saa 24, mtoto wa miaka 5 hadi 15 shilingi 2,000, na wa chini ya miaka mitano halipi. Ukiweka VAT ya asilimia 18, wewe, baba na huyo wa miaka 9 mnamaliza kwa 25,960. Wifi peke yake ni dola 70, na kodi inafika 82.60. Langoni hawaulizi alizaliwa wapi, wanatazama pasi. (Nanyi msisahau vitambulisho vya NIDA.) Sasa mbona nyote mmepewa bei moja? Na huyo wa miaka minne, milioni 2.4 ni za nini?

Pesa nyingi kwa kweli huenda kwenye gari na malazi. Land Cruiser hukodishwa kwa siku, na bei ni ileile mkipanda watano au saba. Hata kushuka kreta ya Ngorongoro kwa gari la kampuni lenye wageni ni dola 295 kwa gari zima. Kama kuna shemeji au rafiki wa kujaza viti viwili vilivyobaki, mwite.

Malazi ndiyo sehemu ya kupunguzia, ila kwa akili. Watu wengi huambiwa walale Karatu, nje ya hifadhi, kwa kuwa ni nafuu. Kwa safari yenu hiyo nafuu inaweza kuwageuka. Njia ya kawaida kutoka Arusha kwenda Serengeti hupita Ngorongoro, na mnalipia kupita. Mkirudi baada ya siku mbili mnalipia tena. Kwa wifi ni dola 70.80 kila mara. Mkitoka kwenda kulala Karatu, kesho yake mkarudi kushuka kreta, analipa mara ya tatu. Mimi ningelala usiku mbili kwenye hema Seronera, katikati ya Serengeti, usiku wa tatu kambi ya Simba, juu ukingoni mwa kreta, halafu mshuke alfajiri. Pale ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari na Juni kuna baridi kweli, kwa hiyo mdogo abebewe blanketi zito, si kishali cha mapambo.

Saa nazo ni pesa. Mkiingia Serengeti kwa lango la Naabi saa nane mchana siku ya kwanza, mtoke kabla ya saa nane siku ya tatu. Dereva akiendelea kumfuata chui mpaka muda upite, mtadaiwa tena. Mwambieni hivyo mapema, mbele ya kampuni.

Nyumbu wakati huo kwa kawaida wako magharibi, upande wa Grumeti, msiongeze siku kwa ajili yao. Simba wa Seronera wapo mwaka mzima.

Wakikupa mchanganuo, angalia kama bakshishi ya dereva na mpishi imo. Mara nyingi haimo. Viingilio hulipwa serikalini kwa kumbukumbu namba, basi omba risiti zake.

Jumla ya viingilio vya wifi kwa mpango huu, Serengeti saa 24 mara mbili na Ngorongoro mara mbili, ni dola 306.80. Ni busara azilipe mwenyewe, lakini usimwambie wewe. Hilo mwachie mume wako, ni dada yake.